Vitamini Zinazotoroka Kikapuni Mwangu

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Afya,

Natumai u mzima na unakula matunda. Mimi ni fundi cherehani mstaafu, mjane, mama wa mtoto mmoja anayeishi mji wa mbali na mkewe na wajukuu wangu wawili. Sijawahi kugombana na gazeti. Ninyi ndio mmeanza.

Makala yenu ilisema tunda likishachumwa vitamini C huanza kupungua, na joto la njiani huzidisha hasara. Hongereni kwa utafiti. Sasa pokeeni matokeo yake:

1. Kila mwezi nilikuwa nawapelekea mwanangu na familia yake kikapu cha mapera na maembe kwa basi. Mkwe wangu, ambaye ni mhasibu, amekata makala yenu na kuibandika kwenye friji. Kisha akaniandikia kwa adabu zote: "Mama, usijisumbue tena. Yakifika huku vitamini zimeshapungua." Kikapuni sasa naweka vitambaa.

2. Badala yake ananunua mapera ya dukani, yenye vibandiko, yaliyolala ghalani na kupanda malori zaidi kuliko mimi nilivyosafiri maisha yangu yote. Hayo vitamini zake nadhani hufungwa mkanda.

3. Mwanangu anasema mkewe ana hoja. Huyu nimemlea kwa mapera hayohayo, na meno anayotumia kunijibu yapo yote.

4. Nimevaa miwani nikasoma makala hadi mwisho. Chini kabisa, pamebanwa na tangazo la magodoro, mnakiri kwamba embe likiendelea kuiva baada ya kuchumwa, ile rangi yake ya njano ambayo mwili huigeuza vitamini A huongezeka. Habari njema mmeilaza kwenye godoro. Mkwe hakufika huko.

5. Kama kila kilichochumwa hupungua faida, basi sheria iwe moja. Mwanangu naye alichumwa kwangu miaka mingi iliyopita, akahifadhiwa ofisini kwenye kiyoyozi. Naomba mtaalamu wenu ampime, anijulishe kimebaki nini. Mimi naona simu zimepungua sana.

Mhariri, inaniuma. Kwa kikapu kile nilikuwa naingia nyumba ile kila mwezi.

Kwa hiyo naomba mchape, ukurasa wa mbele, kwamba vitamini za mapera ya mama mzazi hazipungui njiani. Mkiona aibu, msingizieni mpiga chapa.

Wasalimie wote hapo ofisini, hata mchora katuni. Mwandishi wa makala naye mwambie simchukii, ila asipite mtaani kwangu.

Wenu mwenye mapera mengi,
Mama Mkwe

Nyongeza: Usichape. Kabla sijafunga bahasha mkwe amepiga simu. Anasema amefikiri sana, na watoto wanatakiwa kula tunda likitoka mtini, kwa hiyo anawaleta likizo nzima, na baba yao. Makala yenu ni kweli tupu, tena mmekuwa wapole. Wiki ijayo andikeni kwamba pera likivuka mlango wa jikoni halina kitu kabisa, wasije wakapata wazo la kubeba mengine na kuondoka mapema.