Ombi la Okestra Kupiga Vibaya Kidogo

Kwa Ndugu Kiongozi wa Okestra,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na kijiti chako. Mimi ni mwenyekiti wa wapangaji wa majumba haya mawili ambayo kila Jumapili alasiri mnakuja kupiga muziki katikati yake, kwenye uwanja wa kuanikia nguo, bure, bila hata kutuomba chai. Cheo hiki nimekishika miaka kumi na minne. Uchaguzi ni wiki ijayo, na kwa sababu yenu nitaanguka.

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na muziki. Siku ya kwanza nilipokuona umesimama mbele nilifurahi sana, maana nilijua papo hapo kwamba wewe ni mwenyekiti mwenzangu: hupigi chombo chochote, unawapungia wenzako wafanye kazi, na mwisho unageuka kupokea makofi. Nikamwambia mke wangu, huyu mtu anaijua kazi. Ndiyo maana nakuandikia wewe, kiongozi kwa kiongozi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmewafundisha wapangaji kusikiliza. Zamani mkutano wetu ulikuwa mkutano. Nikisimama kusoma ripoti, huku watu wanabishana habari za mpira, kule mtu anachambua mchele, watoto wanakimbizana kwenye ngazi, na nikifunga faili wote wanasema wanaunga mkono. Mkutano wa mwezi uliopita walikaa kimya. Tena kimya chenyewe si cha adabu tu, ni kile chenu, cha kuinamisha kichwa upande mmoja na kufumba macho. Nilipofika ukurasa wa pili nikaanza kusikia ninachosema, jambo ambalo halijapata kunitokea nikiwa kazini. Nilipomaliza, mama mkunga wa ghorofa ya tatu, aliyestaafu, mtu wa heshima zake, akanyoosha mkono akauliza kwa upole kabisa: "Mwenyekiti, hiyo sehemu ya pampu ya maji tuliisikia mwaka jana na mwaka juzi. Ndiyo kiitikio?"

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanataka kujua kweli.

2. Makofi. Nyinyi mna utaratibu wenu kwamba muziki ukisimama katikati mtu asipige makofi, asubiri mpaka mwisho kabisa. Sawa, ni kwenu huko. Lakini hotuba yangu mimi imejengwa juu ya makofi. Nikisema "ndugu wapangaji" nanyamaza wapige, nikisema "umoja wetu" nanyamaza wapige, na wakati huo ndipo natafuta la kusema. Siku hiyo nilinyamaza, nao wakanyamaza. Mmoja akakohoa kidogo, kama wanavyokohoa kwenu. Nikasimama ndani ya kimya kile mpaka mdomo, bila idhini yangu, ukasema pampu itatengenezwa kesho.

3. Kwa hiyo ikabidi itengenezwe, na hapa naomba usome polepole. Fundi bomba aliyekuja, kumbe naye ni mtu wenu, Jumapili hukaa mstari wa mbele kuwasikiliza. Zamani angebadilisha kitu chochote kinachong'aa akaondoka zake. Safari hii aliweka sikio kwenye bomba la ghorofa ya nne, kusikofika maji, akafumba macho, akasema pampu ni nzima ila kuna mahali sauti inakabwa. Akalifuata bomba kushuka chini, ngazi kwa ngazi, sikio ukutani, na wapangaji nyuma yake wakinyata, wengine wameshika viatu mkononi wasimharibie. Sauti ikatupeleka mpaka ofisini kwangu. Nyuma ya kabati, maboksi ya ripoti zangu za miaka kumi na minne yalikuwa yameegemea mkono wa koki mpaka maji yakajifunga. Akayasogeza kwa mguu, akafungua. Wapangaji wakasubiri, wakasubiri, mpaka waliposikia maji yanatoka juu, ndipo wakapiga makofi, nao wakampigia fundi.

4. Ghorofa ya nne sasa ina maji. Katika chaguzi zote kaulimbiu yangu imekuwa "Maji Ghorofa ya Nne". Sasa nitawaahidi nini? Nilijaribu kuahidi taa za kwenye ngazi, wakanisikiliza kwa makini mno, na jioni ileile nikajikuta nimepanda juu ya stuli na balbu mkononi. Kwa mwendo huu, mpaka siku ya kura majumba haya yatakuwa hayana tatizo hata moja, na watu wasio na tatizo mwenyekiti wa nini?

5. Nyumbani. Miaka ishirini na saba mke wangu ameniitikia "mmh" huku anaendelea na cherehani yake, nami nimezungumza kwa raha zangu, na tumelea watoto watano bila ugomvi wa maana. Tangu muanze matamasha yenu, nikifungua mdomo anasimamisha cherehani, anaweka mkasi chini, ananitazama na kungoja. Mara tatu nilikosa la kusema nikalisifia pazia. Juzi hata pazia halikunisaidia, ukweli ukanitoka. Nikamwambia naogopa. Cheo hiki kikiondoka sijui kitakachobaki ndani yangu, na sijui watu watanisalimia kwa lipi. Akanishika mkono. Tangu nioe sijaona aibu kama ile.

6. Maneno yanayopita kwenye ngazi ni kwamba watu wanataka mwenyekiti anayesikiliza. Jina bado hawajapata. Fomu ya kupendekeza mtu wa kunipinga inasubiri ofisini, tupu, na mwisho wake ni Jumatatu saa sita mchana. Hebu jiweke mahali pangu: fidla zako zianze ghafla kuuliza kile kijiti ni cha nini.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, Jumapili hii, ambayo ni ya mwisho kabla ya kura, mpige vibaya. Siombi makubwa. Fidla mbili zipande, moja ishuke, tarumbeta iingie itakapojisikia, na wewe mwenyewe uchelewe kidogo kuteremsha mkono. Watu wakianza kuongea msiwangoje wanyamaze, nanyi ongeeni. Wakisahau kusikiliza kwa Jumapili moja tu, nitapita bila kupingwa. Kama taaluma yenu hairuhusu, basi hamieni kwenye majumba ya ng'ambo ya barabara. Mwenyekiti wao ana ripoti ndefu kuliko yangu na hajapata kusumbuliwa na mtu.

Nisalimie wote: bwana wa fidla kubwa ile anayoikumbatia, dada wa filimbi, na yule wa nyuma anayekaa nusu saa akingoja kugonga kengele mara moja. Huyo mwambie katibu wangu anamwonea wivu. Nyumbani wote hawajambo na wanawasalimu, ingawa mimi sikuwatuma.

Wako katika uongozi, kwa masikitiko,
Mwenyekiti wa Wapangaji

Nyongeza: Barua hii nimemsomea mke wangu anisaidie nukta na mikato. Aliisikiliza yote. Nilipofika mwisho sikuwa na neno lililobaki, nikanyamaza, na kwa kuwa nimenyamaza, yeye akaanza kusema. Amesema tangu chai ikiwa moto mpaka ikapoa. Anajua habari za kila mlango: nani mgonjwa, nani kaachishwa kazi, mtoto gani hataki shule na kwa nini. Yote hayo, kumbe, amekuwa akitaka kuniambia miaka nenda miaka rudi, ila mimi nilikuwa nahutubia. Mwisho akasema kazi hii ya uenyekiti ameitamani tangu mwaka wangu wa pili, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Nimekwenda ofisini sasa hivi nikamjazia fomu, na aliyempendekeza ni mimi. Kwa hiyo Jumapili pigeni vizuri, tena msikate hata kidogo. Nitakaa mbele kabisa. Nataka nijifunze kusikiliza kwenu kwanza, kwa sababu nyinyi mkimaliza hamtaniuliza mmesema nini.