Beberu wa Posa na Madirisha ya Efraimu

Jumatatu, 7 Agosti 1911

Mjinga hujenga njia ya mwizi kwa mikono yake mwenyewe. Nimemwambia Efraimu hivyo, mbele ya mke wake. Mwanangu, mtu mzima mwenye ndevu, anatoboa ukuta mara mbili halafu anaita madirisha! Nyumba yangu ya zamani, ya msonge, ilikuwa na mlango mmoja tu. Mwizi angenikanyaga kwanza. Efraimu akajibu kwamba nyumba za Kikristo zina madirisha. Sawa. Na Wakristo nao huibiwa.

Beberu wa posa yumo chumba cha nyuma, chenye madirisha hayo, ananona kwa maganda ya ndizi. Jumamosi tunampeleka kwa Solomoni, kumwomba binti yake Lydia awe mke wa mjukuu wangu Sadoki. Bila beberu hatusikilizwi. Na jirani yangu Namnyaki anamtaka Lydia huyohuyo kwa mjukuu wake Lengai. Leo alipita, akasifu madirisha. Eti yanaingiza hewa. Mtu hasifu dirisha bure.

Nimeamua. Dirisha likiguswa litapiga kelele. Haya naandika kwa Kiswahili makusudi. Kiswahili cha Namnyaki ni cha kununulia chumvi.

Jumanne, 8 Agosti

Kibuyu chenye kokoto. Nimekifunga kwenye kibao cha dirisha kwa kamba ya mgomba. Beberu amekula kamba.

Jumatano, 9 Agosti

Njuga zangu za usichana. Nilizifukia siku niliyobatizwa, sikuzitupa. Nimezifunga, upepo wa mlimani ukazitikisa vizuri sana. Mwalimu Thomasi wa misheni akasimama njiani, akauliza ngoma ni ya nani. Nikasema ni dirisha. Akauliza dirisha hilo limebatizwa au bado. Akaamuru nizifukie tena. Nimezifukia, lakini si mbali.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimeteremka Arusha, duka la Mhindi karibu na boma. Alinionyesha kengele ndogo ya kumwitia mtumishi mezani. Nikaitikisa, nikamwambia hiyo haimwamshi hata kifaranga. Nimechukua kengele ya mbuzi, ya chuma, yenye sauti ya kiume.

Efraimu alipoiona akashika kichwa. Akasema, mama, huyo beberu amekua akifuata kengele, akiisikia atadhani ni wakati wa malisho. Nikamwambia nilichunga mbuzi yeye hajaota jino. Nimeifunga mwenyewe: kengele kwenye kibao, ukanda wa ngozi mpaka kwenye kigingi cha ukutani. Kibao kikisukumwa, inalia. Dirisha la pili nimeliziba kwa mawe. Efraimu amenuna. Anune.

Ijumaa, 11 Agosti

Kengele inalia kutwa. Kila nikikimbilia chumbani na mchi, namkuta beberu peke yake, anapiga kibao kwa pembe. Nimemsifu. Hata mnyama ameelewa kazi ya ulinzi. Sadoki anasema kibao kinalegea. Nimemwambia ashughulikie kanzu yake ya kesho.

Jumamosi, 12 Agosti

Asubuhi, ukungu mzito. Kengele ililia mara moja, kwa nguvu. Kibao kiko chini. Beberu hayupo. Kengele haipo.

Nikaenda moja kwa moja kwa Namnyaki, nikamwita mwizi nikiwa bado uani pake. Nikapekua mpaka uvungu wa kitanda. Akasema hata mbuzi wake hawapo: walisikia kengele ikipita kwenye ukungu, wakaifuata wote, Lengai akawakimbilia. Nikamwambia uongo wake una miguu mingi. Tukateremka bondeni tukitukanana njia nzima.

Tukafika kwa Solomoni. Mkewe, Ruth, alitupokea kwa vigelegele. Akasimulia alivyofika beberu mnene, kengele imenasa kwenye pembe, na nyuma yake kundi zima lenye alama ya Namnyaki masikioni. Wazee walisema hawajaona posa ya namna ile tangu wazaliwe. Nyuma ya mbuzi akatokea Lengai, anahema. Wakamkalisha kwenye kigoda. Hakukanusha! Lydia akamletea maziwa, na kumbe alikuwa akitabasamu.

Nikasema beberu ni wangu. Solomoni akaniuliza alama yake iko wapi. Hana alama, nilikataa akatwe sikio, ili apendeze. Na ngozi yake ilikuwa tayari imeanikwa juani.

Namnyaki akanishika mkono mbele ya watu. Akasema, asante bibi Eunike, umetuposea vizuri.

Nyumbani Sadoki akapata habari. Alivua kanzu, akaikunja, akaenda shambani.

Jumapili, 13 Agosti

Baada ya ibada Efraimu ameniambia polepole, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba tuzibe na dirisha lililobaki, ama tumlaze mbuzi zizini na wenzake. Nimemwambia kengele haikukosea. Ililia ilivyopaswa kulia. Kosa ni kwamba ilikuwa moja tu, na ilikuwa ndogo.

Solomoni ana binti wa pili. Lengai hawezi kuoa wote. Nimeshamwingiza beberu mwingine chumbani, na Sadoki akirudi kutoka shambani nitamweleza.

Efraimu, acha kununa. Kesho asubuhi shuka dukani, ulete kengele mbili, kubwa kuliko ile, kisha uyatoe mawe kwenye dirisha la pili ili nalo lipate yake.