Pointi Kumi za Mvuto

Jumatatu, 8 Juni 2009

Leo nimejua kwa nini watu wananitisha. Si woga. Ni mgawanyo mbaya wa pointi!

Nimegundua kwenye banda la gemu la kaka Kefa, hapa Tunduma. Kabla mchezo wa mashujaa haujaanza, kompyuta inakupa pointi ishirini ugawe: Nguvu, Akili, Mvuto. Mchawi wangu nikampa Akili kumi na nane. Anawasha moto kwa neno moja, lakini mlinzi wa lango hataki hata kuitikia salamu yake. Kefa akacheka. "Dogo, hapo umejichora mwenyewe."

Kweli tupu. Na Ijumaa tunachagua kiranja wa maktaba! Mshindi anakaa na ufunguo. Nimeutamani tangu kidato cha kwanza. Mpinzani: Fanueli, golikipa. Nguvu nane, Mvuto tisa, Akili tatu (nimekuwa mkarimu). Ameahidi televisheni maktabani, watu waangalie mpira. Vitabu vihamie stoo!

Jumanne, 9 Juni

Mpango tayari. Ishirini haziongezeki, ukitaka huku, punguza kule. Nimehamisha pointi tisa kutoka Akili kwenda Mvuto. Ili zihame kweli, sijafungua kitabu tangu asubuhi. Jaribio la Biolojia nimeacha maswali manne makusudi. Mwalimu Getruda ameniuliza kama nina malaria.

Nikajaribu kumsalimia Judith wa mkondo B. Sauti haikutoka. Pointi bado ziko njiani.

Jumatano, 10 Juni

Kwenye gemu, Mvuto unapanda ukibishana bei na wachuuzi. Bei ikikubaliwa, unabonyeza kufuta, unaondoka. Rahisi! Baada ya masomo, sokoni. Bi Conjesta wa mitumba akanionyesha koti la manyoya, elfu kumi na mbili. Nikanong'ona elfu tatu, nikijua atakataa.

"Chukua, mwanangu."

Nikamshukuru, nikamweleza kwamba nilikuwa nafanya mazoezi tu.

Laiti ningenyamaza! Akauliza kama soko zima limesikia. Bei nimetaja kwa mdomo wangu, yeye amekubali, sasa namkimbia? Muuza viazi wa pembeni akasema kutaja bei ni kama kupeleka barua ya posa: ukikubaliwa, hurudi nyuma. Mfukoni sina hata mia. Hukumu ikatoka: nilivae koti, niite wateja mpaka linunuliwe. Kila nikifungua mdomo, Bi Conjesta anafoka, "Sauti!"

Saa mbili nzima. Mwisho mama mmoja wa ng'ambo, Zambia, akalichukua nilipomwita kwa Kibemba kama wachuuzi wenzangu: iseni, bamayo! Njoo, mama! Bi Conjesta akanipa andazi. Siku nzima ya mazoezi imepotea.

Ijumaa, 12 Juni

USHINDI!

Fanueli alitangulia paredini. Akatamka televisheni, shule ikalipuka. Zamu yangu. Kurasa tatu mkononi. Nikanong'ona aya ya kwanza. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Sauti!"

Sijui nini kilinipata. "Iseni, bamayo! Sogea, gusa, kugusa bure! Atlasi gredi ya kwanza, imeshikwa na mwalimu mmoja tu! Kamusi nene, inafaa baridi hii ya Juni! Ukiiacha, jirani yako anavaa!"

Mkuu wa shule alicheka mpaka akafuta machozi. Fanueli mwenyewe aliagiza kamusi moja. Kura zangu 211, zake 148.

Kumbe pointi zilikuwa zimechelewa tu. Mfumo wangu haukosei! Bi Conjesta asije akadhani ana mchango.

Jumatatu, 15 Juni

Siku ya kwanza na ufunguo. Nimebandika tangazo mlangoni: Akili chini ya sita haiingii. Napima mwenyewe, kwa macho. Foleni ilifika bombani, wote wanaimba "iseni, bamayo". Fanueli: tatu. Nikamrudisha. Judith akanisalimia yeye mwenyewe, akaniita kiranja wetu, akasema alinipigia kura ili apate riwaya. Nikamwangalia vizuri. Tano na nusu. Sheria ni sheria. Alichonijibu sitakiandika.

Kufikia saa tisa hapakuwa na mtu. Hakuna kitabu hata kimoja kilichotoka. Kiranja gani mwingine amefanikiwa hivi siku ya kwanza?

Nikajipima na mimi, haki iwe kwa wote. Baada ya kuhamisha, Akili yangu ni tisa. Nikajiruhusu kuingia.