Turudishiwe Matusi Yetu ya Februari

Podlesovje, tarehe 19 Februari

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wapiga chapa wako. Mimi nami ni mzima, isipokuwa goti na hasira. Naitwa Drejc Skobir, mpuliza tuba wa bendi ya zimamoto ya hapa Podlesovje, yaani lile tarumbeta kubwa la kujizungushia mwilini kama chatu. Nimelipuliza miaka arobaini na moja. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo mahali nilipokosea mkato, weka wako.

Namlalamikia mwandishi wenu wa zamani, Vitomir Žlahtič, ambaye leo ni Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni. Naomba kwa heshima zote mmrudishe gazetini. Sababu zangu ni hizi.

1. Kwa miaka kumi na minane Vitomir alikuja kwetu kila sikukuu ya utamaduni, tarehe nane Februari. Alikaa safu ya nyuma kwenye ukumbi wa zimamoto, koti havui, akatusikiliza, na Jumamosi akatutukana gazetini. Mwaka mmoja aliandika kwamba wimbo wetu wa gwaride ulisikika kama ng'ombe wanaoshushwa kwenye lori. Mwaka mwingine aliandika kwamba ngoma kubwa ilifika mwisho wa wimbo kwanza, ikakaa kuwasubiri wenzake. Tulimchukia kwa moyo mmoja. Mke wangu Rezka aliwashia jiko ukurasa wake, baada ya kuusoma mara tatu. Na kwa chuki hiyo tulifanya mazoezi Jumanne na Ijumaa mwaka mzima, hata wakati wa kuvuna zabibu, ili tumwonyeshe. Tulipata medali ya dhahabu ya wilaya mara mbili. Asikudanganye mtu kwamba ilikuwa kwa kupenda muziki.

2. Kisha mkamwachia akaingia siasa. Kwanza diwani, tukasema itapita kama mafua. Mara mbunge. Mara mwenyekiti wa Kamati ya Utamaduni bungeni. Sasa waziri. Kila akipanda ngazi moja, ulimi unazidi kulainika. Alipokuwa diwani alisema tuna "changamoto za sauti". Alipokuwa mbunge tukawa na "sauti ya kipekee". Mwaka huu alisimama mbele yetu dakika hamsini akasema sisi ni roho ya taifa. Ndugu Mhariri, siku hiyo tulikuwa tumepiga nyimbo mbili kwa wakati mmoja, maana nusu yetu walifungua ukurasa mwingine. Akapiga makofi. Akafuta machozi. Nilimwangalia vizuri, yalikuwa machozi ya kweli, ila sijui ya nini.

3. Sifa zimetuharibu. Fani Koželj wa klarineti alikuwa akifanya mazoezi mpaka mbwa wa jirani anahama. Sasa anakuja kufuma soksi. Nilipomwambia, "Fani, hapo mwanzo umeruka sauti tatu," alinijibu bila hata kuinua macho, "Mzee Drejc, roho ya taifa hairuki kitu. Inapumzika." Kiongozi wetu Ciril, fundi bomba, anaongoza kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili una mkate wa soseji. Mazoezi ya Ijumaa yamefutwa, na ya Jumanne yamebaki ya kuonja divai. Mashindano ya wilaya ni mwezi Mei. Tumeshashuka daraja mara moja; tukishuka tena, bendi inavunjwa na vyombo vinapelekwa Zavrtje, ng'ambo ya mto. Tuba hili alilipuliza baba yangu. Sitaki kuliona limevaliwa na mtu wa Zavrtje.

4. Msidhani nimekurupuka kuandika. Nilimfuata mwenyewe baada ya hotuba, pale kwenye meza ya keki ya jozi. Nikamwambia, "Vito, mdogo wangu, tutukane kidogo tu. Hata sentensi moja."
Akanishika bega kama ananipima koti. "Mzee Drejc, siku hizi siruhusiwi."
"Basi ninong'oneze."
Akatazama huku na huku, akainama, midomo ikafunguka. Nikaliona tusi linakuja, la zamani, lenye nyama. Mara msaidizi wake akatokea na ratiba. Mheshimiwa akajinyoosha, akasema, "Mmenigusa moyo," akaondoka na kipande cha keki. Mtu mzima mwenye kipaji kile, anateseka hivi hivi. Hata kwa ajili yake mwenyewe mrudisheni.

5. Zaidi ya hayo naomba Bunge litunge sheria. Mwandishi akiingia siasa, aache mtu wa kutukana kwa zamu yake, kama daktari anavyofanya akienda likizo. Kila kijiji chenye bendi kitukanwe na serikali walau mara moja kwa mwaka, kwa maandishi na kwa mhuri. Vijiji vya milimani vipewe kipaumbele, maana kwetu hata matusi huchelewa kufika. Tukipungukiwa watukanaji, waombwe majirani zetu Waaustria. Walitutawala karne nyingi, wana uzoefu nasi.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata yule wa simu anayekata. Rezka anakusalimu na anauliza kwa nini matangazo ya vifo mmeyahamishia ukurasa wa nyuma, maana sasa inambidi aanze kusoma gazeti kinyumenyume.

Ni mimi, ninayengoja kutukanwa,
Drejc Skobir

Nyongeza: Kabla ya kuipeleka posta niliisoma barua hii mazoezini, ili bendi yote itie sahihi. Nilipofika namba tatu, Fani aliweka soksi chini. Ciril alimeza soseji yake. Nilifukuzwa kwa kura zote, pamoja na yangu, maana nilidhani tunapigia kura kitu kingine. Nikakaa nje kwenye ngazi, nikawasikiliza wakipiga gwaride kwa hasira, bila tuba. Ndugu Mhariri, sijawahi kuwasikia wakipiga vizuri vile, hata miaka ya medali. Sasa sina hakika tena kama bendi iliharibiwa na sifa za waziri au na pumzi zangu. Basi mwacheni Vitomir alipo. Ila mkimwona, mwulizeni kama wizarani kuna nafasi ya mtu ambaye kuondoka kwake tu kumeinua utamaduni wa kijiji kizima. Naweza kuanza Jumatatu.