Mtakatifu Olvina wa Kabondo

Kabondo, Jumatatu, 4 Juni 1956
Dada Philomène, jambo sana. Uko mzima huko Yangambi? Goti je? Mimi mzima, Mungu asifiwe. Kitabu ulichonitumia kwa masuwa, ile meli ya mtoni, kimefika. Ulisema niandike kila siku namna ninavyokisoma, kisha nikutumie daftari. Bon, naandika. Ee mama! Olvina, binti wa mfalme, anatembea juu ya maji! Mchumba wake amerogwa, amekuwa kasuku! Kwa kusoma nimeunguza makemba, ndizi zangu zote zimekuwa makaa.

Shida moja tu. Mimi katekista, kusoma mambo ya mapenzi! Padri akijua, kazi imekwisha. Donc nimekifunika kwa karatasi ya buluu, sawasawa na kitabu changu cha maisha ya watakatifu. Akili hiyo!

Jumatano, 6 Juni
Michel, mwalimu wa kwaya, anayeitamani kazi yangu tangu Pasaka, aliniuliza kwa nini ninasoma watakatifu huku ninalia. Nikamwambia mwenye moyo wa jiwe hawezi kulia. Akageuka, akaenda zake. Goli!

Alhamisi, 7 Juni
Nimekufa. Kila Alhamisi ninawasomea wamama maisha ya mtakatifu mmoja. Nikabeba kitabu cha buluu. Kumbe si cha watakatifu, ni cha Olvina! Nilikuwa nimeshaanza: "Katika nchi ya mbali, binti wa mfalme..." Michel amesimama mlangoni. Kuacha ni kujishtaki. Nikaendelea. Kwenye busu nilisema Olvina alimbariki kasuku. Wamama machozi! Vigelegele! Mama Félicité, mwenye mimba ya miezi tisa, aliniuliza huyu mtakatifu anasaidia nini. Nikajibu: uzazi. Ulimi huu!

Jumapili, 10 Juni
Félicité alizaa Ijumaa, salama kabisa, msichana. Leo ubatizo. Padri akauliza jina. Olvina! Padri akasema yeye hamjui mtakatifu huyo. Wamama wote wakageuka kunitazama. Michel, meno yote nje, akasema papa Basile, ndiyo mimi, anaye kitabuni. Padri akaniagiza nikilete.

Mpango: nilete kile cha kweli, niseme mchwa wamekula ukurasa wake. Nikakimbia nyumbani, nikarudi nahema. Padri akafungua. Kasuku! Nilikuwa nimeleta kile kile.

Akasoma ukurasa mmoja. Wa pili. Wa tatu. Mtoto analia, yeye anasoma tu. Halafu akambatiza Marie-Olvina: Marie kwa ajili ya mbinguni, Olvina kwa ajili ya mama yake. Kitabu akakitia mfukoni. Akaniamuru niwaambie wamama ukweli, kisha nifagie kanisa mwezi mzima.

Nikawaambia: Olvina si mtakatifu, niko mwongo, munisamehe. Félicité akajibu, "Hakuna neno, papa. Lakini yule kasuku, alirudi kuwa mtu?"

Jumanne, 12 Juni
Padri aliniita. Nikasema kimoyomoyo, kwaheri kazi. Akanirudishia kitabu. Kazi ninayo bado! Akafunga mlango, akauliza polepole kama kuna sehemu ya pili, maana kasuku amebaki kasuku mpaka mwisho.

Dada, asante Mungu, nimepata fundisho: rangi ya buluu ni mbaya. Nimeshanunua karatasi nyekundu. Kitabu cha nyimbo cha Michel ni chekundu, kinakaa palepale kwenye benchi la kwaya. Nitaweka changu kando yake. Nani atajua?

Tuma sehemu ya pili na masuwa ya Ijumaa. Nijibu upesi, tafadhali.

Ndugu yako, Basile