Macho Yangu na Shabaha ya Mavuno

Leo nimeaibika, wapendwa. Tena kwenye uwanja wa kanisa, padri akitazama.

Kila sikukuu ya mavuno parokia yetu huwa na mashindano ya kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo. Kila kigango kinatoa mzee mmoja, risasi tano. Wanaoshindwa wanawapikia washindi na kuwaandalia. Mpigaji wa kigango chetu cha Singe ni mimi, miaka mingi sasa. (Nilipita mgambo ujanani. Mungu anisamehe, nalitaja mno.)

Mwaka huu baraza lilitaka kunipumzisha. "Baba Filipo, umri nao," mwenyekiti aliniambia kwa upole. Nikamwomba nipige mara moja tu zaidi. Akakubali: nikishindwa leo, nakabidhi nafasi.

Tatizo ni hili. Bunduki ile haina darubini. Ina kipengo nyuma na kijiti mbele, unavilinganisha na doa jeusi la karatasi. Nikivaa miwani ya kusomea, kijiti safi, karatasi ukungu mtupu. Nikivua, karatasi safi, kijiti hakipo. Macho ya mzee nayo hayawezi kutumikia mabwana wawili!

Sikukata tamaa. Nilibandika selotepu nyeusi kwenye kioo cha kulia cha miwani, nikaitoboa kwa sindano. Kupitia tundu lile, kijiti na doa vyote vikaonekana! Nilipiga magoti nikashukuru. Wiki tatu nimefanya mazoezi nyuma ya banda la ng'ombe.

"Na hao ng'ombe wanakunywa maji lini?" Mama Filipo aliuliza.

"Baada ya mavuno, mke wangu."

Leo baada ya misa ikafika zamu yetu, mimi na Mzee Tluway wa kigango cha Mutuka. Karatasi mbili zilibandikwa bega kwa bega kwenye ubao mmoja, mbele ya kichuguu. Yangu kushoto, yake kulia. Akaanza yeye. Risasi zake zikatawanyika kama mbuzi waliofunguliwa asubuhi. Nikatabasamu. (Najua, kiburi hutangulia.)

"Mzee mwenzangu, hiyo ni miwani au kifuniko cha sufuria?" akanitania.

"Wewe tayarisha kuni tu."

Nikalala kifudifudi. Nikafumba jicho la kushoto. Doa hilo hapo, safi kabisa! Nikasali kidogo, nikavuta. Zote tano nilizisikia moyoni zikiingia katikati. Nikasimama, nikajipangusa vumbi, nikawapungia wanakwaya mkono. (Ndiyo. Nilipunga.)

Katekista akaenda kukagua. Akahesabu kwa kidole. Akarudia.

"Mzee Tluway, ulipewa risasi ngapi?"

"Tano."

"Mbona una matundu kumi? Na matano yako katikati, unayafunika kwa kifungo cha shati!"

Mzee Tluway akainua mikono juu. "Jamani! Mikate mitano imeongezeka!"

Kisha ikainuliwa karatasi yangu, watu wote waione. Nyeupe kama kitambaa cha altare.

Hapo ndipo nilipoelewa. Tundu la sindano linakuonyesha doa moja tu. Halikuambii ni la nani.

"Katekista," nikasema, "yale ya katikati ni yangu."

"Tunajua, Baba Filipo. Lakini kanuni ni karatasi, si mpigaji."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Padri alitoa leso kujifuta machozi. Mama Filipo, niliyefunga naye ndoa mbele ya altare ileile, ilibidi ashikiliwe asianguke.

Nikamfuata mwenyekiti, kofia mkononi. "Nafasi hii hapa, kama tulivyokubaliana."

Akanitazama sana. "Baba Filipo, ulipiga vizuri kuliko mtu yeyote leo. Ulikosea ujirani tu. Mwakani unapiga tena, ila mama atasimama pembeni akugeuze kichwa."

Kwa hiyo mwakani nipo, Mungu akipenda. Naombeni msinicheke. Nawaandikia kutoka jikoni, na Mzee Tluway ameshatuma watu mara mbili kuuliza nyama imefikia wapi.