Kibuyu cha Mama na Ndege ya Fundi Gurdev

Jumatatu, 9 Desemba 1957

Nimeshinda! Kosgei bado hajui, lakini nimeshinda.

Mambo ni hivi. Mzee Kiprugut wa Kuresoi, baba yake Jepkorir, ametuma neno kwamba Jumapili atapokea watu wa pande zote mbili: upande wangu, na upande wa Kosgei, karani wa mizigo pale stesheni. Atasikiliza, atakula, halafu atasema binti yake anaolewa wapi. Jepkorir mwenyewe ananitaka mimi. Ameniambia. Lakini baba yake anapenda watu wa maana, na Kosgei ana baiskeli, saa ya mkono na gramafoni. Mimi nina spana za kuazima.

Ila sasa nina ndege.

Si yangu hasa. Ni ya Fundi Gurdev, bosi wangu hapa gereji, Nakuru. Ameiunda mwenyewe kwenye banda la nyuma, kwa mbao, kitambaa na gundi, na mkewe hamsemeshi vizuri tangu meza yao ya kulia ilipogeuka kuwa bawa. Ina viti viwili. Jumapili ataipeleka Kuresoi kwa sababu Mzungu mmoja wa huko anangoja magneto ya kuwashia trekta, na ana malisho marefu yaliyo tambarare. Nani alimwambia habari za malisho hayo? Mimi. Nani atakaa kiti cha pili kumwonyesha njia? Mimi tena!

Kosgei atafika kwa basi, vumbi mpaka kwenye kope. Mimi nitashuka kutoka juu.

Jumanne, 10 Desemba

Mama hafurahi. Yeye na Mjomba Kimutai wanatangulia Jumamosi kwa basi. Nilimwambia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, asikibebe, nitakileta mimi kwa ndege. Akauliza kama nimeanza kunywa pombe. Akasema maziwa hayo ameyagandisha yeye, kibuyu amekisugua kwa mkaa yeye, na mtu haendi ukweni mikono mitupu.

Nikamwambia hapo ndipo penyewe. Wao wafike kwanza, waonekane hawana kitu, Kosgei acheke kimoyomoyo, ndipo nishuke na kibuyu mkononi. Mama akakubali kwa sharti moja. Kibuyu kifike kimejaa hadi shingoni. Kwetu kibuyu nusu hakipelekwi ukweni, wenyeji watadhani tumekunywa njiani. Nikaapa.

Jumatano, 11 Desemba

Fundi ameweka mizani ya viazi mlangoni pa banda. Kila kinachoingia ndani ya ndege lazima kipande pale kwanza. Alijipima yeye na kilemba chake. Akanipima mimi. Akapima magneto, na hata kopo la oili. Akapiga hesabu ubaoni, akasema kilichobaki ni mfuko mmoja. “Moja tu, Kemboi. Tena ndogo.”

Nikamletea mizigo yangu. Kibuyu, blanketi la Mzee Kiprugut, sukari, majani ya chai, birika, na sufuria ya mama mkwe. Fundi alicheka sana. Halafu akaona mimi sicheki.

Akaanza mahubiri. Kwamba ndege haijui zawadi, inajua uzito. Kwamba uzito ukikaa nyuma sana mkia unashuka, pua inatazama mbinguni, mabawa yanakosa nguvu, na nyinyi mnarudi chini kama gunia. Kwamba kila kitu lazima kifungwe, hata kalamu, kwa sababu kitu kinachotembea ndani ya ndege kitatembea mpaka mahali pabaya. Akachagua kibuyu na blanketi. Vingine viende na Mama kwa basi.

Mwisho akasema kibuyu kisijazwe, na kifuniko kilegezwe, maana huko juu hewa ni nyepesi na maziwa yaliyochacha yatafura. Nikasema ndiyo. Fundi nikimwambia ndiyo hunyamaza haraka.

Lakini vitu vya basi ni vitu vya kawaida! Sufuria hiyo lazima iruke.

Alhamisi, 12 Desemba

Siku mbaya.

Karibu na mkia kuna kijimlango cha kitambaa, cha kupitishia mkono kupaka waya grisi. Asubuhi Fundi alipokwenda kunywa chai nilipenyeza humo sukari na birika. Safi kabisa. Huoni kitu.

Sikujua kwamba Fundi huinua mkia wa ndege kila jioni kwa mkono mmoja, kama mtu anayempapasa ng’ombe wake kabla ya kulala. Leo mkono mmoja haukutosha. Akasimama. Akaweka wa pili. Akafungua kijimlango, na birika likamtazama, limekalia waya wa usukani.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniketisha kitini akaniambia nikanyage pedali. Nikakanyaga. Haikusogea. Akauliza, sasa tuko juu ya msitu wa Mau, tunataka kupiga kona, tufanye nini? Nikasema tuombe. Akasema kiti changu anaweza kumpa Zeddy, mpaka rangi wetu, ambaye hana ukwe mahali popote.

Niliogopa kweli. Bila ndege mimi ni kijana wa spana za kuazima, na Jepkorir ataenda kusikiliza gramafoni maisha yake yote. Nimelifagia banda mara mbili bila kuambiwa. Fundi amenisamehe, nadhani.

Ijumaa, 13 Desemba

Akili mpya! Fundi amekataza mizigo ndani ya ndege. Hakukataza mizigo ndani yangu.

Nilivaa koti la jeshi la marehemu Baba, nikashona mifuko kwa ndani. Sukari kushoto, sukari kulia, majani ya chai kwenye soksi. Sufuria ilinikaa vizuri kichwani chini ya kofia. Nikaenda kujionyesha, nimenyooka kama askari wa gwaride.

Fundi akanipandisha kwenye mizani. “Kemboi, wewe jana kula nini?” Nikasema ugali. Akasema huo ugali ni wa chuma. Akachukua penseli akaigonga kofia yangu. Ikalia. Zeddy alicheka mpaka akamwaga rangi.

Jioni Kosgei akapita na baiskeli, akiipiga kengele bila sababu. Akauliza kama ni kweli nitakwenda ukweni na tiara ya Kalasinga. Akasema yeye gramafoni yake ameshaifunga kwa taulo, haitapata hata mkwaruzo. Nikamwambia aangalie juu Jumapili. Akasema ataangalia, na ataleta mwamvuli.

Jumamosi, 14 Desemba

Mama na Mjomba wameondoka na basi, pamoja na sukari, chai, birika na sufuria. Nimebaki na kibuyu na blanketi.

Swali lilikuwa moja. Nimsikilize Mama au nimsikilize Fundi? Nimefikiri kwa utulivu. Fundi anajua chuma. Mursik anaijua wapi? Nikaongeza maziwa hadi shingoni, kama nilivyoapa. Kifuniko nikakipigilia kwa kiganja. Juu yake nikazungusha ukanda wa mpira wa tyubu, tena na tena, halafu waya, nikakaza kwa koleo. Nikakipindua juu chini. Hata tone! Nikajisifu mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine.

Fundi akauliza kama nimeacha nafasi. Nikasema ndiyo. Akakitia ndani ya mfuko, akaufunga mfuko nyuma ya viti kwa mikanda minne, akautingisha. Haukucheza.

Jumapili, 15 Desemba

Nimeruka! Wacha watu waseme watakavyo, Kemboi ameruka.

Nakuru yote ilikaa chini yetu. Paa za Milimani kati ya miti, stesheni ya Kosgei ndogo kama kiberiti, ziwa lote kwa mara moja na heroe wake ukingoni. Nilipiga kelele za furaha. Fundi naye alikuwa anaimba.

Kisha Mau ikapanda, nasi tukapanda. Baridi ikaingia. Nyuma yangu kitu kikaanza kulia: tsssss. Fundi akaacha kuimba. Akauliza kama nasikia, akadhani ni injini. Nikamwambia ni upepo.

PAA!

Kibuyu kilipasuka shingoni, kifuniko kikatoboa mfuko, kikapita sikio langu, kikagonga kioo cha mbele. Maziwa yakafuata yote. Kioo, saa za injini, ndevu za Fundi, kilemba cha Fundi, mimi. Mikanda ya Fundi haikulegea hata kidogo, hilo lazima niliseme. Fundi alisema maneno ya Kipunjabi ambayo nadhani mkewe hayajui. Alitoa kichwa nje ubavuni ili aone njia, nami nikafuta kioo kwa blanketi la baba mkwe. Tulidunda malishoni, tukadunda tena, tukasimama katikati ya kondoo.

Watu walikuja mbio. Nikashuka. Mweupe kuanzia nywele hadi viatu, madoa ya mkaa kila mahali, na mkononi shingo ya kibuyu. Kosgei, ndani ya suti, alicheka mpaka akakalia sanduku la gramafoni yake. Mama alijifunika uso kwa leso. Nilitaka kulia. Nasema wazi, nilitaka kulia.

Ndipo Kogo, nyanya yake Jepkorir, akapasua watu kwa fimbo. Akapitisha kidole kwenye paji la uso wangu, akakilamba. Akauliza nani aliyatengeneza maziwa haya. Mama akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni yeye. Kogo akasema yametunzwa vizuri sana. Halafu akawageukia watu wote.

“Sisi tukibariki mtoto tunamnyunyizia maziwa kidogo tu kifuani. Huyu mmemwona? Amenyunyiziwa mwili mzima, tena huko juu. Nani alikuwa huko wa kumnyunyizia?”

Akina mama wakapiga vigelegele! Kogo akamfunga Fundi majani mabichi ya heshima shingoni, Fundi bado amekasirika, akapewa chai akabaki na hasira kidogo tu. Mzee Kiprugut akasema hana ubavu wa kumfukuza mtu aliyekwisha kubarikiwa, akawaingiza Mama na Mjomba ndani. Jepkorir alinitazama kutoka mlangoni akicheka, akashindwa kuacha. Nitaoa! Na Kosgei, lazima nikubali ni muungwana, alituwekea santuri tukacheza mpaka jua likashuka.

Jumatatu, 16 Desemba

Fundi amesema nitarudi naye kwa sharti moja: bila mzigo. Hata kifungo cha ziada hataki. Nikasema ndiyo.

Tatizo ni kwamba Mzee Kiprugut amenipa kondoo dume, mnene, wa kupeleka nyumbani kwetu. Mama anasema arudi naye kwa basi. Kwa basi! Kondoo wa heshima namna hiyo!

Naandika nyuma ya zizi. Fundi amenipa mgongo, anasugua maziwa kwenye waya. Nimempima kondoo kwa kamba. Akikunja miguu anaenea vizuri nyuma ya viti, chini ya koti la Baba, na mikanda ni ile ile minne. Safari hii nimefikiri kila kitu. Kibuyu kilipasuka kwa sababu ya kifuniko.

Kondoo hana kifuniko.